Kompyuta ya Chini ya Kaunta

Kompyuta ninayoizungumzia imekaa chini ya kaunta ya Mjomba, Mbagala Rangi Tatu, tangu mwanzoni mwa Februari 2018. Ukiingia dukani huioni. Mbele yake kuna boksi la karatasi za A4, na juu ya boksi Mjomba huweka chupa yake ya chai. Mwaka jana nilipomwomba niichukue kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, aliniangalia kama mtu aliyeombwa kufukua kaburi.

“Hiyo imekufa, Mjomba,” alisema. Sisi huitana hivyo, yeye ni mjomba wangu na mimi ni mjomba wake. “Hiyo yule bwana aliimaliza.”

Yule bwana alikuwa fundi.

Mwezi Januari 2018 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Nyumbani waliona heri nikae dukani kuliko kuzurura, kwa hiyo nikawa mtoa fotokopi, mpiga chapa wa barua za kuomba kazi na mkataji wa picha za pasipoti. Duka lilikuwa na kompyuta tatu, zote za mtumba kutoka Kariakoo, zote za umbo moja na rangi moja, zote zenye prosesa ya Core 2 Duo. Mbili zilikuwa za wateja. Ya tatu ilikaa ubavuni mwa Mjomba, nayo ndiyo iliyotunza picha, barua na orodha ya stoo.

Fundi alikuwa kijana wa Tandika, labda ananizidi miaka kumi. Ndiye aliyezifunga Ubuntu 16.04, kwa sababu Mjomba alikuwa amechoka na virusi vya kwenye flashi za wateja. Alikula ugali wa mchana pale dukani mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zetu. Siku ya Mapinduzi, tarehe 12, ilikuwa Ijumaa na wateja hawakuwapo. Akaja na simu yake, akasema kuna tatizo kubwa limetangazwa duniani kote, prosesa zina tundu, na kompyuta zote lazima ziapdetiwe. Alitumia bando lake mwenyewe. Mjomba alimpa soda.

Wiki iliyofuata kompyuta ya Mjomba ikawa nzito. Ukifungua folda ya picha, vijipicha vinajitokeza kimoja kimoja kama watu wanaoshuka kwenye daladala iliyojaa. Orodha ya stoo ilikuwa inajivuta. Zile mbili za wateja zilikuwa vilevile kama zamani. Mjomba akaniita. “Wewe si unazijua hizi? Hebu angalia huyu kaifanya nini.”

Nilijua kufungua dirisha moja tu, lile linaloonyesha hali ya mfumo. Kwenye kasha muuzaji wa Kariakoo alikuwa amebandika karatasi: RAM GB 4. Kwenye kioo iliandikwa 3.7. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, “Imepungua. Siyo nne tena.”

Fundi aliitwa jioni ileile. Alifungua kasha mbele yetu, akatuonyesha vipande viwili vya RAM vikiwa mahali pake. Mjomba akasema umebadilisha, umeweka vibovu, vizuri umeuza. Akasema na mengine ambayo sitayaandika. Fundi alirudisha skrubu zote nne, moja baada ya nyingine, akafuta vumbi kwenye kaunta kwa mkono, akaondoka. Hakurudi tena. Wiki mbili baadaye Mjomba alinunua kompyuta nyingine na hii ikaingia chini ya kaunta.

*

Somo langu chuoni, kule Kijitonyama, ni kulinganisha kasi ya matoleo ya keneli ya Linux. Nikisema hivyo kwenye msiba au harusi, watu hubadilisha mazungumzo, na siwalaumu. Lakini ni kazi ya kihistoria kuliko inavyoonekana. Linus Torvalds alitangaza mfumo wake kutoka Helsinki mwezi Agosti 1991, na leo toleo jipya la keneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Yote yamehifadhiwa. Unaweza kurudi kwenye toleo la miaka kumi iliyopita, ukaliwasha, ukaliuliza swali uliloliuliza toleo la jana, ukalinganisha majibu. Mwanahistoria wa Kilwa angetoa nini apate kuiwasha Kilwa ya mwaka 1331, aliyoiona Ibn Battuta, walau kwa nusu saa!

Keneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimama kati ya programu na vyuma. Programu haigusi diski wala mtandao yenyewe, bali inaomba. Kila ombi linaifanya prosesa ivuke mpaka kuingia upande wa keneli, ifanye kazi, irudi. Kufungua folda yenye picha mia nne ni maelfu ya mivuko. Kwa muda mrefu Linux iliufanya mvuko huo kuwa rahisi kwa kuiacha ramani ya kumbukumbu ya keneli ndani ya ramani ya kila programu, ikilindwa na kufuli la prosesa. Fikiria duka ambalo stoo yake iko nyuma ya pazia: mteja haruhusiwi kupita, lakini muuzaji anafika kwa hatua moja.

Tarehe 3 Januari 2018 dunia iliambiwa kwamba pazia linapitisha mwanga. Jann Horn wa Google, watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz huko Austria, na kampuni ya Cyberus Technology ya Ujerumani walikuwa wamegundua, kila kundi kwa njia yake, kwamba prosesa nyingi za Intel zina haraka mno. Zinasoma kitu kilichofungwa kwanza, ruhusa zinakagua baadaye. Ruhusa ikikataliwa, matokeo yanafutwa, lakini alama yake inabaki kwenye kashe, na mwizi mwenye subira anaweza kuisoma alama hiyo. Wakaliita tundu hilo Meltdown. Ndugu yake, Spectre, alitangazwa siku hiyohiyo, lakini huyo ana hadithi yake.

Dawa ilikuwa karibu tayari, tena kwa bahati. Watu wa Graz walikuwa wameandika mwaka 2017 mbinu waliyoiita KAISER, ya kuitenga ramani ya keneli na ramani za programu, kwa nia nyingine ndogo zaidi: kuwazuia wavamizi wasibahatishe anwani za keneli. Wajenzi wa Linux waliichukua, wakaifanyia kazi mwisho wa mwaka kwa haraka ambayo wengine waliishangaa bila kujua sababu, ikaingia toleo la 4.15 na kurudishwa nyuma kwenye matoleo ya zamani ambayo bado yalikuwa yanatunzwa, 4.14, 4.9 na 4.4. Ubuntu 16.04 ilikuwa kwenye 4.4. Toleo la kwanza la marekebisho lililotolewa na Ubuntu tarehe 9, lenye namba 4.4.0-108, lilizifanya baadhi ya kompyuta zishindwe kuwaka, na kesho yake likatoka 4.4.0-109 kulirekebisha. Fundi wetu alikuja siku mbili baada ya hapo. Nimewaza mara nyingi kwamba angekuja siku mbili mapema, tarehe 10 asubuhi, pengine kompyuta isingewaka kabisa na balaa lingekuwa kubwa zaidi.

Basi stoo ikahamishiwa jengo la pili. Kila ombi sasa ni safari ya kutoka na kurudi, na gharama yake inategemea umri wa prosesa yako. Prosesa huwa na daftari dogo ambamo huandika anwani ilizozitumia karibuni ili isizitafute upya. Ukiibadilishia ramani, daftari linafutwa. Intel ilileta mwaka 2010, kwenye kizazi cha Westmere, uwezo wa kuandika pembeni ya kila mstari wa daftari kwamba mstari huu ni wa ramani ipi, ili lisifutwe lote kila mara. Uwezo huo unaitwa PCID. Core 2 Duo ilitangulia. Yenyewe inafuta daftari ikienda, na inafuta ikirudi.

Hili halikuwa siri. Andres Freund, mjenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alipima mapema sana mwezi huohuo: kazi ya kusoma tu ilishuka hadi takriban asilimia 83 ya kasi ya awali dawa ilipowashwa, na hadi 77 PCID ilipozimwa. Tarehe 9, Terry Myerson wa Microsoft aliandika kwa upande wa Windows kwamba wenye kompyuta za mwaka 2016 na kuendelea wataona upungufu mdogo ambao wengi hawatautambua, na kwamba wenye kompyuta za 2015 au za nyuma zaidi zenye Windows 7 au 8, wengi wao watautambua. Usome tena ukiwa umesimama Kariakoo. Nchi hii iliwahi, mwaka 1974, kupiga marufuku kuingiza kompyuta; mlango ulipofunguliwa baadaye, kilichofika Mbagala ni mtumba. Kompyuta ambazo ofisi za Ulaya zilizitoa kwa sababu ya umri ndizo tulizofungulia maduka. Bili ya Meltdown ilikuja duniani kote kwa siku moja, lakini aliyelipa zaidi kwa kila ombi ni mwenye mashine ya zamani.

*

Kabla sijaenda kwenye vipimo vyangu, lazima niseme habari za watu wawili au watatu walionifundisha kuvishuku.

Wa kwanza ni Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia, aliyeingia kwenye keneli kwa kujifundisha. Alilalamika kwamba Linux inapimwa kwa kazi za sava kubwa, na mtu wa kawaida ambaye muziki wake unakatika akifungua dirisha jingine hana namba ya kuonyesha. Aliandika mpangaji zamu wake mwenyewe, ile sehemu ya keneli inayoamua programu ipi ishike prosesa na kwa muda gani. Mwaka 2007 ukachaguliwa wa Ingo Molnár, ulioingia toleo la 2.6.23, na Kolivas akaondoka kwa uchungu. Alirudi mwaka 2009 na mpangaji mwingine, aliyeutunza nje ya keneli rasmi. Sina hakika kama alikuwa sahihi kila mahali. Ila swali lake, kwamba namba hizi ni za mashine ya nani, ndilo lililonipa mada ya tasnifu.

Wa pili ni kundi la Chuo Kikuu cha Toronto, ambao mwaka 2019 walichapisha utafiti wa matoleo ya Linux kuanzia 3.0 hadi 4.20, miaka saba ya keneli. Walipima mambo ya msingi tu: ombi moja linachukua muda gani, kubadilishana zamu kunachukua muda gani. Tungetarajia mstari unaopanda. Walikuta kazi nyingi za msingi zimepungua kasi au zinapanda na kushuka, na sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na mabadiliko 11 tu. Mengine yalikuwa ya usalama, mengine vipengele vipya, na mengine, hapa nilicheka peke yangu maktaba, mipangilio iliyowekwa vibaya. Kwa kuyazima au kuyapanga upya, walizirudishia programu za sava kama Redis, Apache na Nginx kasi ya hadi asilimia 56, 33 na 34.

Wa tatu ni Michael Larabel, ambaye tangu 2004 anaendesha jarida la Phoronix na hupima karibu kila kitu kinachotoka. Mwezi Septemba 2020 aliona keneli ya 5.9, ikiwa bado kwenye majaribio, imeshuka kwenye baadhi ya vipimo vyake, kikiwemo cha Apache. Alitumia njia ya kugawa katikati: chukua badiliko la katikati kati ya toleo zuri na bovu, lijenge, lipime, tupa nusu isiyo na kosa, rudia. Mabadiliko elfu kumi na sita yanakwisha kwa hatua kumi na nne. Njia ikamfikisha kwenye badiliko moja, na mwandishi wake alikuwa Linus Torvalds mwenyewe.

Kosa lenyewe lilikuwa haki. Torvalds alikuwa amepanga vizuri foleni ya wanaosubiri kufuli la ukurasa wa kumbukumbu: zamu yako ikifika, unakabidhiwa wewe, hata kama umelala. Anayepanda daladala ya Makumbusho pale Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuona tatizo liko wapi. Konda akisema wa kwanza kwenye foleni lazima apande kwanza, na wa kwanza amesinzia kwenye benchi, gari zima linamsubiri aamke, huku wa nyuma yuko macho na mguu mmoja ngazini. Marekebisho yaliruhusu dhuluma ya kiasi: aliye macho anaweza kumpita aliyelala, lakini akishapitwa mara tano, wa sita lazima amsubiri. Kasi ikarudi kabla 5.9 haijatolewa rasmi. Nimelisimulia hili kwa watu wengi, na kila mtu wa Dar es Salaam anauliza swali moja: kwa nini tano? Ilichaguliwa tu. Ilionekana inafaa.

*

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba nataka kupima gharama ya Meltdown kwenye Core 2 Duo iliyokaa chini ya kaunta. Alikubali kwa sharti: nisilete namba isiyokuwa na ya kulinganishwa nayo, na kila kitu kingine kibaki kama kilivyo.

Kila kitu kingine, Mbagala! Umeme unapanda na kushuka, kwa hiyo niliazima betri ya akiba. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni mpaka halikuonekana tena kama feni. Nililisafisha, nikabadilisha ile pasti iliyokauka juu ya prosesa, nikaandika kwenye daftari kwamba nimefanya hivyo, maana hapo tayari mashine haikuwa ile ya 2018. Diski ya Mjomba niliitoa nikaiweka kando ikiwa imefungwa kwenye gazeti, sikutaka kugusa mali yake, nikaweka ya kwangu. Nikaipangia prosesa isibadilishe kasi yenyewe. Nikasimika keneli mbili.

Matokeo ya kwanza yalinifurahisha kupita kiasi. Keneli yenye dawa ilikuwa nyuma kwenye kila kipimo, hata kipimo cha hesabu tupu, ambacho hakiombi keneli chochote. Siku mbili nilitembea nikijiona nimegundua jambo. Siku ya tatu ndipo nikajiuliza, hesabu tupu inaathiriwaje na mvuko isiouvuka? Jibu lilikuwa jasho langu mwenyewe. Nilikuwa napima keneli ya zamani asubuhi na mpya mchana. Chumba changu kina bati na hakina dari, na saa nane mchana prosesa inapata joto inajipunguza yenyewe ili isiungue. Nilikuwa nimepima jua.

Nikaanza upya usiku, kuanzia saa tano, kwa kubadilishana: ya zamani, mpya, mpya, ya zamani, na hivyo hivyo mpaka jogoo. Safari hii hesabu tupu zikawa sawa kwa sawa. Kipimo cha ombi tupu, programu inayomwuliza keneli swali dogo kabisa mara mamilioni, kilitofautiana kwa zaidi ya mara mbili, na tofauti hiyo haikusogea hata niliporudia kwa wiki. Folda yenye mamia ya picha ndogo ilikuwa katikati: tofauti inaonekana kwa saa ya mkononi, lakini si ya kuita kifo. Kunakili muvi kwenda kwenye flashi, hakuna tofauti hata kidogo, kwa sababu flashi yenyewe ndiyo mzee wa msafara.

Hapo nilikuwa na jibu la tasnifu, lakini la dukani nusu tu. Dawa ilipunguza kasi, kweli. Haikuipunguza kiasi cha zile kelele. Nadhani lililobaki ni vumbi kwenye feni na joto la Januari, ambalo lilikuwa linapanda taratibu wiki zote hizo bila mtu kuliona, mpaka siku ilipopatikana sababu ya kuangalia. Na bado kulikuwa na swali ambalo Mjomba angeniuliza kwanza: mbona zile mbili hazikuharibika? Zilikuwa mashine zilezile, aliziapdeti siku ileile, kwa mkono uleule.

Nililipata kwenye historia ya marekebisho yenyewe. Dawa ya Januari 2018 ilikuwa ya mifumo ya biti 64. Ya biti 32 iliingia Linux kwenye toleo la 4.19, Oktoba mwaka huo. Zile mbili za wateja zilikuwa na RAM ya GB 2, na fundi alizifunga biti 32 kwa sababu inakula kidogo. Ya Mjomba, kwa kuwa ilikuwa na GB 4, aliifunga biti 64. Aliipa mashine ya rafiki yake mfumo ulio bora zaidi, na kwa hilo peke yake ndiyo iliyolipa bili.

*

Ilibaki RAM, na hapo nilikuwa mimi.

Kwa nini 3.7 na si 4, nilishajua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Picha za kwenye kioo huchukua fungu lao kwenye kumbukumbu hiyohiyo, na vifaa vingine navyo vinatengewa chao. Ile namba ilikuwa 3.7 siku ilipotoka Kariakoo. Nilijua hivyo miaka kadhaa na sikusema, kwa sababu kujua hivi kwa ujumla si kujua kuhusu mashine hii, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu.

Niliifungua diski ya Mjomba kwa sababu nyingine kabisa. Nilitaka kuhakikisha ni namba gani hasa ya keneli ilikuwa inatumika kabla ya tarehe 12, ili nipime ileile. Niliiunganisha kwenye laptopu yangu kwa kusoma tu, bila kuiwasha. Hilo liliniokoa. Ubuntu huandika kumbukumbu za keneli kwenye faili, na kila wiki faili la zamani kabisa hutupwa. Hubaki ya wiki chache. Kama ningeiwasha kawaida, pengine ingejisafisha. Lakini kwa kuwa ilizimwa Februari 2018 na haikuwashwa tena, wiki zake za mwisho zilikuwa zimelala mle ndani, mashine ikiandika kila asubuhi iliyowashwa kwamba mimi ni fulani na nina hiki na hiki.

Asubuhi ya kabla ya Mapinduzi: keneli 4.4.0-104. Mstari wa kumbukumbu una namba mbili, iliyo huru na jumla. Asubuhi ya baada: keneli 4.4.0-109, na mstari mmoja mpya uliosema utenganishaji wa ramani umewashwa. Kisha mstari wa kumbukumbu. Namba ya kwanza ilikuwa imepungua kidogo mno, keneli mpya ina mwili zaidi. Namba ya pili, ya jumla, ilikuwa ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Niliirudia kwa kidole kwenye kioo, tarakimu moja moja, kama mtoto anayesoma.

Kwa miaka yote hiyo jibu lilikuwa chini ya chupa ya chai.

Nilienda dukani Jumamosi na karatasi mbili nilizozichapa, nimezungushia namba kwa kalamu nyekundu. Sikumweleza habari za Graz wala daftari la anwani. Nilimwekea mbele tu. Mjomba alivaa miwani.

“Hii kabla, hii baada,” nilisema.

Alizitazama muda mrefu. Mteja akaja kutaka fotokopi ya kitambulisho, nikaenda kumtolea, nikarudi, bado anazitazama.

“Kwa hiyo hakuchukua.”

“Hakuchukua, Mjomba.”

“Na uzito ule?”

“Nusu ni ile apdeti. Alifanya kama ilivyotakiwa, kila mtu duniani alifanya. Nusu nadhani ni vumbi letu.”

Akavua miwani. “Siku ile ni nani alisema imepungua?”

“Ni mimi.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunja zile karatasi mara nne, akazitia mfuko wa shati, akauliza kama ile kompyuta sasa inawaka. Nikamwambia inawaka vizuri, na kwamba ipo njia ya kuizima ile dawa, neno moja tu wakati wa kuwasha, na tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 kuna neno lingine linalozima dawa zote za aina hiyo kwa pamoja, ingekuwa nyepesi kama zamani. Akauliza kwa nini sijaizima. Nikasema wateja wanafungua barua pepe zao na akaunti za benki humu, bora iwe nzito. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka na mimi.

Ijumaa iliyofuata baada ya swala alifunga duka, jambo asilolifanya, akapanda gari la Tandika. Alikataa nisimsindikize. Alirudi magharibi. Nilimwuliza amempata, akasema amempata, ana duka lake sasa, dogo, la simu, na ana watoto wawili. Nilimwuliza alisema nini.

“Aliniuliza kama ile mashine bado ninayo,” alisema Mjomba. “Halafu akaniuliza wewe uko wapi siku hizi. Nikamwambia yuko chuo, anasoma mambo hayohayo. Amesema umtafute.”

Akanipa namba ya simu, imeandikwa nyuma ya moja ya zile karatasi zangu. Ni wiki ya tatu sasa. Tasnifu naiwasilisha mwisho wa mwezi, na namba hiyo ninayo hapa, pembeni ya kibodi.